Chumba cha uswahilini kikifungwa miezi Dodoma: harufu, unga ukutani na LUKU inayomeza hela. Sababu ni moja au tatu?

#1 Msafiri_wa_Reli

Habari wakuu.

Huu uzi ni wa wale wanaoishi na begi mkononi. Chumba kipo Chang'ombe (ya Dodoma, siyo ya Temeke). Kinafungwa mwezi wa tano, kinafunguliwa mwezi wa tisa kwa siku tatu nne, kisha safari nyingine. Gesti zipo tele mji mzima, najua, lakini kuna mtu anataka alale mtaani kwake, asikie adhana, kwaya na redio ya kinyozi vyote kwa mpigo. Huyo ndiye tunamzungumzia.

Akifungua mlango anakutana na mambo matatu:

Harufu ya choo, wakati choo chenyewe hakijatumika miezi minne.

Ukuta wa upande wa bafu umetoa unga mweupe, rangi imevimba na kubanduka.

LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 10,000 inaleta uniti kiduchu.

Mtaani majibu yapo tayari: harufu ni shimo limejaa, unga ni mchanga wa korongo, LUKU "wamekuhamisha" kundi la bei. Mimi nasema yote matatu yana sababu moja tu, chumba kukaa bila mtu. Bisheni, ila leteni vipimo.

#2 Fundi_Bomba_Sabasaba

Kwenye harufu uko sahihi nusu.

Chini ya sinki la choo, chini ya sinki la vyombo na kwenye tundu la maji la bafuni, bomba linajipinda na kushika maji. Hayo maji ndiyo kizibo kati yako na karo (shimo la majitaka). Kina chake ni kama milimita 50. Dodoma kiangazi kinaanza mwezi wa tano, mvua mpaka Desemba, hewa kavu na upepo mchana kutwa. Milimita 50 inakauka vizuri tu. La bafuni linatangulia, maana ndilo jembamba na liko wazi.

Dawa yake ni maji. Sinki la choo lita tatu, tundu la bafuni lita mbili, sinki la vyombo lita moja. Mwaga taratibu. Fungua madirisha, ondoka nusu saa, kanywe chai. Ukirudi harufu imeisha, ulikuwa mkauko. Ukikuta ipo vilevile, hapo tutafute kingine.

Siku ya kuondoka jaza tena maji, halafu juu yake mwaga vijiko viwili vya mafuta ya kula. Mafuta yanaelea na kuzuia maji yasipande hewani. Tundu la bafuni lifunike na nailoni, juu yake weka kigae.

#3 Area_D_Kwetu

Wakuu mnapoteza muda. Hama huko, njoo Area D, chumba hakinuki.

#4 Mama_Ubuyu

@Area_D_Kwetu huko kwenu mkiishiwa chumvi saa tatu usiku mnawasha gari. Tuachie mtaa wetu.

#5 Kizota_Original

@Fundi_Bomba_Sabasaba nakupinga kidogo. Tundu la bafuni sawa, linakauka. Lakini sinki la choo la kuchuchumaa lina maji mengi zaidi na liko kwenye kivuli. Miezi minne yakaushe yote mpaka chini? Sidhani.

Nyumba nyingi za Chang'ombe ni vyumba sita hadi kumi, ua mmoja, na bomba la majitaka ni moja linaloelekea kwenye shimo. Bomba la hewa halijawekwa kabisa au limekatwa chini ya paa. Jirani akimwaga ndoo nzima kwa nguvu, maji yakishuka yanavuta hewa nyuma yake, na hewa ya karibu ni ile iliyo nyuma ya maji yako. Yanafyonzwa yanaondoka. Wewe ungekuwepo ungeyajaza kila unapotumia choo, hivyo usingejua. Kwa hiyo mkosaji ni bomba la hewa. Kutokuwepo kwako kumefichua tu.

Kipimo: jaza maji, kaa chooni, mwambie mtu wa choo cha pili amwage ndoo ya lita 20 kwa mkupuo. Maji yako yakicheza au kutoa mlio wa kukoroma, ndiyo hiyo.

#6 Fundi_Bomba_Sabasaba

@Kizota_Original hicho kipimo ni kizuri. Bomba la hewa liwe inchi nne, lipande juu ya paa angalau nusu mita, juu liwekwe wavu. Wavu ukikosekana ndege wanajenga ndani, na bomba lililozibwa na kiota ni sawa na kutokuwa na bomba.

#7 Darini_Kuna_Nini

Mmesahau panya. Chumba kikifungwa, mtu anaacha sumu ya panya "ya kulinda vitu". Panya anakula, anapanda darini, anafia huko. Ukirudi unalaumu choo. Harufu ya panya inazidi mchana bati likipata moto, ya choo inazidi alfajiri hewa ikitulia. Fungua mlango saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri ulinganishe.

Ukisafiri weka mtego, usiweke sumu.

#8 Msafiri_wa_Reli

Naona sababu moja imeshakuwa tatu. Kuna aliyesema shimo limejaa, hilo linapimwaje bila kubomoa?

#9 Fundi_Bomba_Sabasaba

Fungua mfuniko wa chemba. Tumia mti mrefu wenye alama. Kinyesi kikiwa kimebakiza nusu mita kufika chini ya zege, ita gari la majitaka, usisubiri. Kumbuka hata kama wewe hujatumia, kaya tano zinatumia hilohilo.

Onyo kwa wote: usimulike ndani ya shimo kwa kiberiti wala mshumaa. Kuna gesi inayoshika moto. Tumia tochi, na usiinamishe kichwa ndani.

#10 Ubani_na_Udi

Kuna kipimo cha kina mama. Washa ubani chumbani, kijiti kiweke sentimita kumi juu ya tundu la bafuni, siyo ndani. Moshi ukiyumba na kusukumwa, hewa inatoka bombani. Ukinyooka, tafuta kwingine. Zima feni kwanza.

#11 Mpiga_Plasta

Tuje kwenye ukuta, maana hapo #1 umechanganya.

Unga mweupe ni chumvi. Chumvi haitembei yenyewe, inabebwa na maji. Maji yanapita ndani ya tofali, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki. Ukiwepo, mnafagia na kufuta bila kuona. Ukiwa haupo inajikusanya. Kwa hiyo chumba kukaa bila mtu hakuleti chumvi. Swali ni maji yanatoka wapi, na majibu yako matatu.

Angalia umbo la alama. Mstari wa unyevu ukienda sambamba na sakafu, kimo cha goti, kuta zote, maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni juu yake kabla ya kuanza kupanga tofali. Nyumba nyingi za zamani hazina. Unga ukitapakaa ukuta mzima mpaka karibu na dari, chumvi imo ndani ya tofali au plasta tangu siku ya kujenga: mchanga haukuoshwa, au maji ya kisima chenye chumvi yalitumika kuchanganyia. Ukiona ni kipande kimoja tu, upande wa bafu la jirani, basi sakafu ya bafu lake imepasuka.

Kipimo cha uhakika: kata nailoni mraba wa sentimita 30, bandika ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, hewa isipite. Acha siku moja mpaka mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba, fungua madirisha tu. Hii inakaa ndani ya siku zako tatu nne.

#12 Mtaalamu_wa_Mtandaoni

Si upige rangi ya mafuta ukutani yaishe?

#13 Mpiga_Plasta

@Mtaalamu_wa_Mtandaoni rangi ya mafuta inaziba. Maji yanabaki nyuma yake, chumvi inakua kati ya rangi na plasta, inaisukuma, inatoka vipande vikubwa kuliko mwanzo. Ndiyo hiyo "imevimba" ya #1.

Kwa siku chache fanya hivi. Piga brashi kavu, ya katani au ya waya laini, kusanya unga kwenye gazeti uutupe nje. USIOSHE kwa maji, ukiosha unairudisha chumvi ndani. Palipobanduka kwangua mpaka pagumu, paache wazi. Ukitaka paonekane, paka chokaa, inapumua. Kitanda na kabati visogeze shubiri moja kutoka ukutani.

Plasta mpya usiguse safari hii. Plasta ya saruji inataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni wiki nzima, na rangi inasubiri karibu mwezi. Ukipiga Ijumaa ukaondoka Jumatatu, nani anamwagia? Inapasuka nyufa za nywele, ukirudi unaandika uzi mwingine.

#14 Korongo_Side

Mchanga wa korongo anasingiziwa. Ukiuosha vizuri hauna neno. Ugomvi ni ule unaochotwa kiangazi juu juu, pale maji yalipokaukia na kuacha magadi. Chota kutoka chini, jaza chupa ya lita moja mchanga nusu na maji nusu, tikisa, acha itulie. Tope la juu likiwa nene (hiki kinapima tope, siyo chumvi), rudisha.

Lakini kwa Chang'ombe mimi naegemea upande wa bafu la jirani. Bafu ni sakafu tu, maji yanaishia kwenye shimo dogo la mawe nusu mita kutoka ukuta wako. Kila siku kaya tano zinaoga. Hesabu mwenyewe.

#15 Kizota_Original

@Korongo_Side na hilo shimo la mawe likiziba kwa sabuni, maji hayaendi chini, yanakwenda pembeni. Pembeni ndiyo msingi wako. Hapo hata nailoni ya msingi haikusaidii kama maji yanasimama juu yake.

#16 Mhasibu_wa_Mtaa

Nije kwenye LUKU, na hapa #1 yuko sahihi kabisa: ni kukaa bila kununua.

Kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ni 1,500. Hukununua umeme Juni, Julai, Agosti na Septemba? Siku unanunua inakatwa yote pamoja: 1,500 mara 4 ni 6,000. Kwenye 10,000 yako imebaki 4,000.

Sasa 4,000 inategemea uko kundi gani. Aliye kundi la matumizi madogo, uniti ni shilingi 100, na makato yake (VAT 18%, REA ya umeme vijijini 3%, EWURA mdhibiti wa nishati 1%) inakuwa 122. Anapata kama uniti 32. Aliye kundi la kawaida, uniti ni 292, na makato inafika kama 356. Anapata 11. Ndiyo "kiduchu" yako. Soma risiti, kila kitu kimeandikwa mstari kwa mstari, watu wanakimbilia namba tu.

Hakuna aliyekuibia hapo. Weka 2,000 kila mwezi ukiwa safarini, unanunua kwa simu popote, hutaona mshtuko.

#17 Vyumba_Sita

@Mhasibu_wa_Mtaa nyumba ina mita tatu, kila mita inakatwa. Hiyo siyo kodi mara tatu?

#18 Mhasibu_wa_Mtaa

@Vyumba_Sita kodi ni ya jengo, haihesabiwi kwa mita. Mwenye nyumba apeleke taarifa ibaki mita moja. Na mpangaji uliyekatwa una haki ya kukubaliana na mwenye nyumba akupunguzie kwenye pango, maana kodi ya jengo ni mzigo wake. Tunza risiti.

#19 Nyaya_Nyekundu

Usikimbilie kodi peke yake mkuu. Chumba kilichofungwa kwenye ua wa watu wengi kinaweza "kuazimwa" umeme. Kipimo ni dakika tano.

Zima swichi kubwa ya ndani. Angalia taa nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya umechukuliwa kati ya mita na swichi kubwa, usiguse, ita watu wa umeme. Ikitulia, chomoa kila kitu chumbani, washa swichi kubwa. Ikipepesa sasa, kuna waya unatoka kwako kwenda kwa mtu, au umeme unavuja ukutani. Na huo ukuta wenu wa chumvi na maji ya bafu ukikutana na soketi, kuvuja ni rahisi. Hapo mambo mawili ya #1 yanaungana.

Mita imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1000 au 1600. Hesabu mipepeso ya saa moja, gawanya.

#20 Nzuguni_Stendi

Kama chumba kimefungwa tangu kabla ya Novemba 2024, kuna jingine. Mita zilitakiwa kuhuishwa kabla ya 24 Novemba 2024. Ambayo haikuhuishwa inakataa namba mpya. Ukinunua unaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20. Ingiza la kwanza, subiri ikubali, la pili, subiri, la tatu ndiyo umeme. Ukianza na la tatu inakataa, unadhani mita imekufa.

#21 Mgeni_Mpya_Dom

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Ukifika usiku mkubwa kwa basi, unaingiaje Chang'ombe salama?

#22 Nzuguni_Stendi

Mabasi yaliruhusiwa kutembea usiku na mchana kuanzia Oktoba 2023, kwa hiyo kushushwa stendi kuu Nzuguni saa tisa usiku ni kawaida. Usiingie mtaani saa hiyo. Kaa sehemu yenye taa ndani ya stendi, subiri saa kumi na mbili kasoro. Hata ukipata bajaji usiku, tatizo ni ule uchochoro wa mwisho bajaji haipiti, na wewe una begi. Vibaka wa mtaa wanakujua, lakini wanaopita siyo wote wa mtaa. Ukilazimika, piga simu kwa mtu wa ua mmoja aje na tochi mpaka barabarani, na bei ya bajaji mkubaliane kabla ya kupanda.

Wa treni wana nafuu. SGR imeanza kubeba abiria Dodoma Agosti 2024, Dar kwenda Dodoma ni saa tatu na ushee mpaka nne, unafika saa za watu.

#23 Kizota_Original

@Nzuguni_Stendi abiria wa Dodoma walianza 25 Julai 2024. Tarehe 1 Agosti ni uzinduzi rasmi wa Rais Samia.

#24 Nzuguni_Stendi

Haya mzee wa tarehe.

#25 Mzee_wa_Makole

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo.

Vijana mnataja shimo na nyaya, hamtaji watu. Ukifika, kabla ya kufungua kufuli, salimia ua mzima. Kisha pita kwa mjumbe, na ukiweza kwa mwenyekiti wa mtaa, useme upo mpaka lini. Pana michango ya ulinzi na hela ya taka iliyosimama wakati haupo, lipa yote siku ya kwanza bila kuulizwa. Hiyo ndiyo inalinda mlango wako miezi ijayo. Ufunguo wa akiba aachiwe mama mmoja mtu mzima, asiachiwe kijana wa kijiweni. Na zawadi ya safari mpelekee yeye kwanza.

Chang'ombe haikupimwa kama Area zenu zenye herufi. Watu walijenga wenyewe wakati makao makuu yanapangwa na CDA (mamlaka ya kustawisha makao makuu) tangu 1973. Ndiyo maana bomba la jirani linapita chini ya chumba chako. Hata mngekuwa na fundi wa Ulaya, bila jirani hamfiki kwenye chemba.

#26 Area_D_Kwetu

Mzee shikamoo. CDA si ilivunjwa 2018 mji ulipokuwa jiji?

#27 Kizota_Original

CDA ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda manispaa. Jiji lilitangazwa 26 Aprili 2018. Mambo mawili tofauti.

#28 Mzee_wa_Makole

Marahaba. Kijana wa Kizota amekujibu.

#29 Kufuli_la_Nne

Kufuli lenyewe hamjalitaja. Vumbi la Dodoma linaingia kwenye tundu la ufunguo, unafika ufunguo hauzunguki, mtu anamwaga mafuta ya kula au ya pikipiki. Linafunguka leo, mafuta yanashika vumbi, safari ijayo unakata kwa msumeno. Tumia risasi ya penseli: kwangua unga wake, weka kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kumi. Ukiondoka, kata kipande cha tairi la baiskeli ukining'inize mbele ya tundu.

#30 Mama_Ubuyu

Niongeze ya ndani.

Simtanki na ndoo: mwaga maji yote ukiondoka, na usiishie kumwaga, sugua kuta za ndani kwa brashi. Mbu wa dengue anabandika mayai ukutani mwa chombo juu ya maji, yanavumilia ukavu miezi. Siku unajaza upya yanaanguliwa. Maji ya bomba yakirudi baada ya kukatika, acha ya kwanza yenye rangi yapite. Ya kunywa chemsha, au tia kidonge cha kutibu maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, subiri nusu saa. Ukoko mweupe kwenye birika ni madini ya maji ya visima, chemsha na limau mbili uache usiku.

Godoro: kunguni anakaa miezi bila kula, usidhani wamekufa njaa. Mashuka na nguo tia kwenye nailoni nyeusi, funga, anika juu ya bati kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Godoro katikati halipati joto la kutosha, kwa hiyo mishono yake mwagia maji ya moto kidogo kidogo kwa kettle na ulianike wima.

Masanduku yasikae sakafuni. Weka juu ya tofali, shubiri kutoka ukutani, ili njia ya udongo ya mchwa uione ikipanda. Viatu vilivyokaa, kung'uta nje kabla ya kuvaa, nge wanavipenda.

Mtungi wa gesi: paka povu la sabuni kwenye kiungo cha kichwa na mpira kabla ya kuwasha. Povu likipuliza, funga. Panya wanatafuna mipira.

#31 Mpiga_Plasta

@Mama_Ubuyu godoro kumwagiwa maji siku ya mwisho usifanye, likifungiwa bichi ni kuvu. Siku ya kwanza tu.

#32 Nyama_ya_Jumamosi

Wakuu siku tatu nne zote mnazimaliza chooni? Kama zinagusa Jumamosi, nenda mnada wa Msalato. Nyama unachagua ikiwa mbichi, inapimwa mbele yako, ndiyo inaenda jikoni. Ukikuta iliyokwisha iva unauziwa mfupa. Fika kabla ya saa sita, jioni kinachobaki ni shingo na vumbi.

#33 Mlenda_Daima

Na ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Anayesema anaupenda mtaa halafu anakula chipsi siku zote huyo ni mtalii.

#34 Area_D_Kwetu

Chipsi nazo za mtaani mnazikataa sasa?

#35 Mlenda_Daima

Zile za kona ya msikiti hatujazigusa. Hizo ni suala jingine.

#36 Msafiri_wa_Reli

Asanteni. Kwa hiyo LUKU nimeshinda, ukuta nimeshindwa, harufu bado?

#37 Nyaya_Nyekundu

LUKU hujashinda mpaka uzime swichi kubwa uangalie taa.

#38 Kizota_Original

Harufu ni bomba la hewa. Atakayenibishia afanye kile kipimo cha ndoo.

#39 Darini_Kuna_Nini

Ndoo mwageni, lakini mwende na darini. Nyumba ya ua wa mbele walivunja zege la chemba, wakapima, wakaita gari la majitaka, hela ikaenda. Aliyepanda kubadilisha bati lililotoboka ndiye aliyekuta panya watatu.

#40 Fundi_Bomba_Sabasaba

@Msafiri_wa_Reli jibu maswali matatu tukusaidie. Bafu la jirani liko upande gani wa ukuta wenye unga? Bomba la hewa linaonekana juu ya paa au halipo? Na ukimwaga maji lita mbili bafuni, yanashuka kwa sekunde ngapi? Yakichukua zaidi ya dakika moja, shimo lile la mawe limeziba kwa sabuni, na hapo @Korongo_Side na @Mpiga_Plasta wote wana hoja, maana maji yaleyale yanaweza kuwa yanalowesha ukuta na kurudisha harufu.

#41 Mpiga_Plasta

Na nailoni ibandikwe leo jioni, siyo siku ya kuondoka.

#42 Mama_Ubuyu

Usimsahau mama wa ufunguo. Mchele wa Kyela unatosha, kilo mbili.

#43 Area_D_Kwetu

Mimi naomba location ya chipsi za kona ya msikiti.